Haki Kazini: Mgahawa wa Sengerema ulipe pungufu ya wa Kirumba?

SWALI: Shikamoo dada. Nasimamia hesabu za migahawa ya mama yangu mdogo, ipo mitatu, Kirumba na Igoma hapa Mwanza mjini, na huu mpya wa Sengerema. Sengerema vyumba vya kupanga ni bei nafuu, ndo maana mama mdogo anataka wahudumu wa kule walipwe chini ya kima cha chini cha mshahara, anasema wanakula hapohapo na tipu wanapata. Binamu yangu yuko Marekani kaniambia kwao kila mji una kima chake. Na sisi ni hivyo? Halafu kuna mpishi anaanzia Igoma asubuhi jioni yuko Kirumba, kila tawi limlipe kivyake?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza kabla hamjaanza kulipa hivyo.

Binamu yako hajakosea sana, ila hayo ni ya hukohuko kwao. Marekani kima cha taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, majimbo mengi na baadhi ya miji kama Chicago inapanga cha juu zaidi, na muhudumu wa tipu sheria ya taifa inaruhusu alipwe hata dola 2.13 kwa saa mradi tipu zijazie mpaka zifike ile 7.25. Hata majirani zetu wa Kenya, wa Kisumu wanapangiwa juu kuliko wa miji midogo. Kwetu Tanzania kima cha chini cha sekta binafsi kinapangwa kwa sekta, sio kwa mji. Kirumba, Igoma, Sengerema, hata mngefungua Nansio kule Ukerewe, kima ni kilekile. Kodi ya chumba kuwa nafuu haimpi mama mdogo ruhusa ya kushuka chini yake, akitaka kuongeza hapo sawa.

Kinachoweza kutofautisha matawi ni aina ya biashara. Amri ya mishahara ya serikali ina mstari wa migahawa, nyumba za wageni na baa, kuna mstari wa hoteli za kati, na mwingine wa hoteli kubwa na za kitalii, na tofauti sio ndogo, kwenye amri ya 2013 mgahawa ulikuwa 130,000 kwa mwezi wakati hoteli ya kitalii ni 250,000. Kwa hiyo tawi mojawapo likija kukua likawa hoteli kabisa, angalieni upya limeangukia mstari gani. Na amri ni mpya, imeanza 1 Januari 2026, serikali ilitangaza wastani umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Huo ni wastani wa sekta zote jamani, usiuchukue ukadhani ndo mshahara wa muhudumu, chukua amri yenyewe usome mstari wenu, ukikuta bado mnalipa kwa jedwali la zamani rekebisha matawi yote matatu kwa pamoja.

Chakula na tipu sasa. Mshahara wa msingi kwenye sheria yetu ya ajira ya 2004 hauhesabu posho, hauhesabu ovataimu, hauhesabu nyongeza ya usiku wala ya sikukuu. Sahani ya ugali na sato mnayompa ni jambo jema, endeleeni, lakini haiingii kwenye kima. Na tipu ni hela ya mteja, mama mdogo hajaitoa yeye, ataihesabuje kuwa ni mshahara aliolipa?

Hilo la mpishi ndo linaniuma zaidi, maana naliona sana hapa Mwanza, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi la kwendea Sengerema lifunguliwe 2025 watu wanahamishwa upande huu na ule siku hiyohiyo. Kama mwajiri ni mmoja, saa zinajumlishwa. Tano za Igoma na sita za Kirumba ni saa kumi na moja, na saa za kawaida mwisho ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo hapo mbili ni ovataimu hata kama kila meneja kwenye daftari lake anaona kijana kafanya saa chache tu. Chukua mshahara wa 195,000 kwa mwezi kama mfano, ukigawa kwa saa 195 (yaani 45 za wiki mara wiki 4.333 za mwezi) unapata 1,000 kwa saa, basi ovataimu ni mara moja na nusu, 1,500, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na mbili asubuhi inaongezwa asilimia 5, siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Weka daftari moja la mahudhurio kwa matawi yote, jina, tawi, saa ya kuingia na kutoka, na ulitunze, kumbukumbu za mfanyakazi zinatakiwa zikae miaka mitano hata baada ya kuondoka.

SWALI: Dada habari, mimi muhudumu Nyegezi. Mteja akikimbia bila kulipa tunakatwa wote wa zamu, mwezi uliopita nilibaki na nusu mshahara. Ni halali?
*Muhudumu, Nyegezi*

JIBU: Pole sana mdogo wangu, sio halali. Ili akukate kwa hasara lazima iwe imetokea kwa kosa lako wewe, akuandikie sababu, kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, nawe ukubali kwa maandishi, na makato yote ya deni la namna hiyo yasizidi robo ya mshahara. Kukata zamu nzima kwa sababu mtu mmoja kakimbia hakuna kwenye sheria. Mwambie kwanza kwa maandishi, baki na nakala, piga picha hati ya malipo kama unapewa. Akigoma nenda kwa Afisa Kazi, au CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa, kama ni mwanachama, au fungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila usikae, kwa madai kama haya una siku 60 tu tangu mgogoro uanze, na kama mmekatwa wote nendeni pamoja.