Juu ya nini kule Zambia banapita kushoto?

ULIZO: Mukubwa, jambo. Mi niko shofere ya kamiyo, nabeba shaba kutoka huku Lubumbashi. Tukivuka tu Kasumbalesa tunahama upande, tunatoka kuume tunaenda kushoto, na siku moja nilijisahau nikabakia kuume, ilibakia kidogo nigongane na bisi. Banasema eti ni Bangereza balileta ile. Juu ya nini bao habafanye sawa na batu bote?

JIBU: Ndugu shofere, pole na ile bisi. Ni Bangereza kweli, ila "batu bote" umezidisha, Inde, Japani, Kenya, Tanzania, bote banapita kushoto.

Mambo yenyewe ni ya zamani. Kwenye daraja ya London mikokoteni ya farasi ilikuwa inajaa, kila mutu anapita kwenye anataka, basi mwaka 1756 bakaweka sheria kila mutu ashike kushoto, na mu 1835 ikawa sheria ya barabara za inchi. Ufaransa na Ubelgiji bao ni kuume, na Mbelgiji njo alituletea siye ile yake. Zambia ilikuwa ya Mwingereza. Kwa hiyo pale Kasumbalesa unavuka mupaka ya Mbelgiji na Mwingereza, ata kama bote babili balisharudiaka kwao.

Kitu njo kinanichekesha mimi ni treni. Kule Ubelgiji motoka zinapita kuume lakini treni zinapita kushoto mpaka leo! Reli yao ya kwanza, Brussels mpaka Mechelen, 1835, mashine zilitoka Uingereza, na namna ya Kingereza ikabakia humo. Na ya kwetu je? Reli ilifika hapa 1910, wakati muji ungali unaitwa Elisabethville, na ilitokea kusini kwa Bangereza, haikutokea kwa Babelgiji. Upana wake milimita 1067, ndiyo futi 3 na inchi 6 za Kingereza, sawasawa na ya Zambia, kwa hiyo vagoni ikitoka Ndola inavuka pale Sakania bila kubadilisha kitu, ni wewe tu na kamiyo yako njo munatafuta upande.

Halafu, volan yako iko kushoto. Kule Zambia ukitaka kupita motoka ya mbele hauone kitu, mwenye kuona ni konvoyeri anaikala kuume. Usimuache asinzie.