Msipandishe utoro wa lambo: jibu kwa aliyeuliza kuhusu bwawa la kijiji linalokauka mapema

Mkuu, umesema lambo la kijiji chenu linakauka Septemba, na serikali ya kijiji imeamua kuinua utoro, yaani ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada lambo likijaa, kwa mifuko ya mchanga kabla ya mvua ili maji mengi zaidi yabaki. Mwishoni ukagusia kwamba chini ya tuta, upande wa nje, kuna kipande kinachobaki na majani mabichi kiangazi chote. Nimesoma majibu ya wachangiaji waliotangulia na wengi wanakuunga mkono. Mimi nakuomba umwendee mwenyekiti wenu leo, umwambie kazi hiyo isimame.

Nimekaa kwenye kamati ya maji ya kijiji chetu mkoani Singida kwa miaka mingi, kwanza mjumbe kisha katibu. Lambo letu ni la udongo, lilijengwa kabla sijazaliwa, na pampu ya kisima kirefu ikiharibika ndilo linalobaki kwa watu, ng'ombe na bustani. Shida ya wanakijiji wako naijua. Ninachokataa ni njia waliyoichagua.

Tuta la udongo linaweza kuzuia maji yanayoliegemea miaka na miaka, lakini halivumilii maji yanayopita juu yake. Yakipita, yanaanza kulimega upande wa nje, mfereji unazidi kupanuka na kurudi nyuma kuelekea bwawani, na hapo hakuna mfuko wala trekta litakalowahi. Ndiyo maana utoro huwekwa pembeni, kwenye ardhi asilia iliyo ngumu, ili maji ya ziada yatokee huko na tuta lisiguswe. Ile nafasi kati ya sakafu ya utoro na kichwa cha tuta, ambayo kwa malambo mengi madogo ni karibu mita moja, watu huiona kama nafasi iliyopotea bure. Haikupotea. Imewekwa kwa ajili ya mvua kubwa isiyokuja kila mwaka, na kwa mawimbi ya upepo siku hiyo.

Fanya hesabu hii mbele ya mkutano. Tuseme nafasi yenu ni mita moja, mkainua sakafu ya utoro kwa sentimita 60. Zinabaki 40. Wengi watasema uwezo umepungua kwa asilimia 60, lakini hali ni mbaya kuliko hapo, kwa sababu maji yenye kina kidogo hupita machache na pia hupita polepole. Utoro ule ule, wenye upana ule ule, unabaki na robo tu ya uwezo wake. Mwaka wa mvua za kawaida lambo litajaa vizuri na watu wataisifu kazi. Hatari inakuja mwaka wa El Nino, kama 1997/98 au 2023/24.

Kwetu hatujawahi kuinua utoro, ila vijana waliwahi kuweka uzio wa fito na nyavu mdomoni pake ili perege na kambale wasitoroke na maji. Ikaja mvua ya Januari na mabua, matawi na takataka za mashambani, vyote vikanasa pale. Mlinzi alipotugongea usiku, maji yalikuwa yamebakiza kama shubiri mbili kufika kichwa cha tuta, tena pale ambapo ng'ombe walipatengeneza njia na udongo ukashuka. Tuliukata uzio kwa mapanga, tumefungwa kamba viunoni, na wenzetu wengine wakakimbia kuamsha kaya zilizo bondeni. Kimo kilianza kushuka kabla ya alfajiri. Sakafu ya utoro ingekuwa imeinuliwa, kazi yetu ile isingefaa kitu. Tangu hapo mkutano mkuu wa kijiji uliweka sheria ndogo: utoroni hakuwekwi kitu, hakulimwi, na anayetega samaki pale anatozwa faini.

Asikwambie mtu kwamba bwawa dogo haliui. Kule Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba binafsi lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wakiwa nyumbani. Tarehe 29 Aprili 2024 ikatokea maafa Mai Mahiu, nayo iko Nakuru. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyozibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake hadi yakaachia kwa pamoja. Hilo la pili liwafikirishe zaidi viongozi wenu. Pale hapakujengwa bwawa lolote, lakini tuta lililozibwa njia ya kutolea maji liligeuka kuwa bwawa.

Sasa majani mabichi. Karibu kila lambo la udongo huvuja kidogo, na kuvuja peke yake si balaa. Chimbeni kamfereji kadogo chini kabisa, mbali kidogo na mguu wa tuta, ili maji hayo yakusanyike sehemu moja. Yaangalieni rangi. Yakiwa maangavu, pimeni kila wiki: wekeni ndoo ya lita 20, tazameni saa ya simu inajaa kwa muda gani, andikeni kwenye daftari pamoja na kimo cha bwawa siku hiyo. Yakiwa na tope, au yakiongezeka wakati kimo cha bwawa hakijapanda, maana yake yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta, na tundu linakua. Hapo msisubiri kikao. Punguzeni maji kwa pampu au kwa mpira wa kunyonya unaopita juu ya tuta, na mwite mhandisi siku hiyo hiyo.

Kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema ni kuliziba tundu la nje kwa udongo wa mfinyanzi. Maji hayakomi, yanatafuta upenyo mwingine msioujua. Wakati mnamsubiri mtaalamu, funikeni sehemu hiyo kwa mchanga mkavu wa mto, juu yake kokoto, kisha mawe. Hivyo maji yanatoka lakini udongo unabaki. Angalieni pia mashimo ya kenge na fuko, vichuguu vya mchwa, na miti. Vichaka vichanga vikateni mara moja. Mti mkubwa uliokwisha kuota juu ya tuta msiung'oe wenyewe, maana mizizi yake ni mirefu na ikioza inaacha njia za maji. Ukoka ndio unaofaa kuota pale, na ng'ombe wapangiwe njia nyingine.

Nirudi kwenye kiu yenu ya Septemba, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoleta yote haya. Katika maeneo yetu ya kati, jua na upepo huondoa karibu mita mbili za maji kwa mwaka juu ya bwawa lililo wazi. Lambo lenye uso wa hekta 4 likikaa na maji mwaka mzima linapoteza mita za ujazo 80,000 angani. Linganisha na matumizi: watu 3,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku, kile kiwango cha Sera ya Maji ya 2002, ni kama mita za ujazo 27,000 kwa mwaka. Ng'ombe 2,000 kwa lita 30 ni kama 22,000. Jua linakunywa kuliko kijiji na mifugo yake kwa pamoja. Ukiinua utoro, maji yanatambaa kwenye mbuga tambarare, uso unapanuka, na sehemu kubwa ya ulichoongeza inaishia kwa jua.

Kinachohitajika ni kina, na kina chenu kimeliwa na tope. Lifukueni lambo kiangazi likiwa kavu, lakini msianze kwa kukodi ekskaveta tu. Mtaalamu atoboe kwanza mashimo ya majaribio ajue tabaka la mfinyanzi linaishia wapi, maana mkilitoboa mkafika kwenye mchanga, lambo litavuja chini kwa chini na hamtalipata tena. Msichimbe karibu na mguu wa tuta. Na kabla ya kufukua, zibeni makorongo ya juu na waondoeni wanaolima ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka bwawani. Bila hivyo mtafukua tope lile lile tena.

Mifugo nayo isiingie majini. Vutieni maji kwenye birika la kunyweshea lililo nje ya uzio, wala msikate tuta kupitisha bomba. Kwa maji ya kunywa, kisima kifupi kilichochimbwa kando ya lambo huleta maji yaliyochujwa na udongo, ingawa bado ni ya kuchemsha. Watoto wakatazwe kuogelea, kuna kuzama na kuna kichocho.

Mwambie mwenyekiti pia kwamba kujenga au kubadili bwawa kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Aandike barua kwa Bodi ya Maji ya bonde lenu na nakala RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wilaya, aeleze huo uvujaji na kuomba ukaguzi kabla ya Novemba. Wakati mnasubiri, orodhesheni kaya zote zilizo chini ya lambo, mchague nani atapiga filimbi usiku na watu watakimbilia mwinuko upi. Ukishapima, weka hapa upana wa utoro, nafasi iliyopo hadi kichwa cha tuta, na picha ya hayo maji yanayotoka chini. Nitapitia na wewe, na humu kuna wahandisi watakaosoma vizuri zaidi yangu.