Je, Bila Nyama Mwili Hukosa Protini?

SWALI: Mhariri, hapa Newala nyama tunaila sikukuu tu, siku nyingine ni ugali wa muhogo kwa mbaazi au kunde. Je, wanangu wanapata protini ya kutosha?

JIBU: Mama, nyama si lazima. Mtu mzima huhitaji takribani gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na mtoto anayekua huhitaji zaidi kwa kila kilo. Gramu 100 za mbaazi kavu hutoa kama gramu 21. Wasiwasi wangu uko kwenye huo ugali, kwa sababu muhogo, tofauti na mahindi au mtama, una protini kidogo mno, hivyo mtoto anayeshibishwa ugali mwingi kwa kijiko kimoja cha mbaazi anaweza kupungukiwa. Ongeza mbaazi, uchanganye unga wa mtama au mahindi, ambao protini yake na ya kunde hukamilishana, na uji utie karanga zilizosagwa. Korosho nazo zinafaa, ingawa wengi wetu huziuza zote (na bei ikiwa nzuri, nani atalaumiwa?). Kisichopatikana kwenye mimea ni vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu. Kwa hiyo dagaa au mayai yasikosekane kila wiki.