Karakana za Waamishi huendeshwaje bila umeme?

SWALI: Nimesoma kwamba Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoshika maisha ya kizamani, hawatumii umeme, lakini nasikia pia kwamba samani zao huuzwa kwa wingi. Je, wanaziundaje, na kwa nini wasiutumie tu huo umeme?

JIBU: Yote mawili ni kweli, ndugu msomaji. Waamishi wengi hukataa kuunganisha nyumba zao na nyaya za kampuni za umeme kwa kuwa wanaamini kwamba, pamoja na taa, waya huo utawaletea televisheni na mengine yanayoweza kuitenga familia na kanisa na majirani. Nguvu ya kuendeshea mashine, ikipatikana kwa njia nyingine, haina ubishi mkubwa kiasi hicho. Katika karakana nyingi za useremala huko Lancaster, Pennsylvania, injini ya dizeli hunguruma kwenye kibanda cha pembeni, ikiendesha kompresa inayoshindilia hewa ndani ya tangi. Hewa hiyo hupita kwenye mabomba hadi kwenye misumeno na mashine za msasa, ambazo mota zake za umeme zimeng'olewa na kuwekwa za hewa.

Mipaka ya kinachoruhusiwa na kinachokatazwa, iitwayo Ordnung, huwekwa na kila usharika, wenye familia kati ya 20 na 40 hivi, na ndiyo maana paneli za jua huruhusiwa kwa hawa na kukatazwa kwa wale.

Kwa vizazi vingi Waamishi waliishi kwa kilimo. Hata hivyo, familia zao huwa na watoto wengi, na ardhi ya Lancaster imepanda bei mno hata si rahisi tena kumpatia kila kijana shamba lake. Wengi sasa ni maseremala na wajenzi, na kaskazini mwa Indiana wengi wameajiriwa katika viwanda vya magari ya safari yenye vyumba vya kulala. Kwa maoni yangu, badiliko hili ni zito kuliko suala lenyewe la umeme, kwani baba wa kiwandani huondoka alfajiri na kuwaacha watoto ambao, wakishamaliza darasa la 8, kikomo cha masomo walichoruhusiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972, wangejifunza kazi wakiwa naye. Karakana iliyo hatua chache kutoka mlango wa jikoni humbakiza baba nyumbani, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya sharika nyingi zikubali kompresa.