Kabla ya kumtumia dagaa, muulize anaamka saa ngapi

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ndugu yako yuko Ulaya, baridi imeingia, hamu ya nyumbani imemshika. Utamtumia nini kutoka Mwanza?" Swali hili limenigusa pabaya, kwa sababu majibu yake nayajua. Dagaa. Kayabo, samaki wa chumvi. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Unga wa muhogo. Mtoto wa watu anazama gizani, na sisi huku tunashindana kumfungia mizigo.

Mimi ningeanza kwa kumuuliza anaamka saa ngapi, na akiamka nje kukoje.

Hapa kwetu jua ni la kuaminika. Desemba linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu alfajiri na kuzama ikikaribia saa moja jioni. Juni ni vilevile, tofauti ni dakika kumi na kidogo. Ndiyo maana saa za Kiswahili zinatutosha: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, hakuna anayeuliza mara mbili. Sasa mpeleke mtu aliyezoea hivyo Helsinki, nchini Finland. Tarehe 21 Desemba jua la huko linatoka saa tatu na dakika 24 asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Urefu wa mchana mzima haufiki saa sita. Na hata likiwa juu kabisa, limepanda nyuzi sita hivi tu kutoka upeo wa macho, majengo yanalificha. Siku hiyohiyo Mwanza linafika nyuzi 69. Kijana anakwenda darasani giza, anarudi giza. Akipiga simu anasema amekumbuka nyumbani, na ni kweli. Ila sehemu ya alichokikosa ni mwanga, naye hajui.

Mambo haya mawili yanafanana sana, na ndipo tunapokosea. Hamu ya nyumbani haina msimu, inaweza kumshika mtu hata Julai jua likiwaka. Huzuni ya giza inakuja siku zinapofupika na kuondoka mwanga unaporudi. Ina dalili zake: mtu analala saa nyingi na bado anaamka amechoka, anatamani wanga na vitu vitamu kuliko kawaida, mwili unaongezeka, hataki kukutana na watu. Aliyeieleza kitaalamu mwaka 1984, akiwa na wenzake huko Marekani, ni daktari Norman Rosenthal, naye ni mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia kwenye baridi. Sishangai kwamba aliyeishtukia ni mtu wa huku kwenye jua.

Dawa ya kwanza ya huzuni hiyo haiuzwi mwaloni, soko letu la samaki. Ni taa maalumu ya mwanga wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Mtu anakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, mara tu baada ya kuamka. Umbali unaandikwa na mtengenezaji, mara nyingi ni kama sentimita 30, na ukiisogeza mbali nguvu inapungua haraka sana. Wengi wanaosema taa haijawasaidia wameiweka mwisho wa meza. Haikodolewi macho. Inawekwa mbele kidogo upande, huku mtu anakunywa chai au anasoma. Jioni isiwashwe, itamfukuzia usingizi. Taa ya kawaida ya chumbani haifanyi kazi hii, maana mwanga wa ndani ya nyumba kwa kawaida ni lux mia chache tu. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, amuone daktari kwanza.

Bila hela ya taa, atoke nje saa sita mchana, kila siku, hata kama kuna mawingu. Mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unaushinda wa ndani mara nyingi. Na vitamini D asiipuuze: jua la kaskazini wakati wa baridi halina nguvu ya kuitengeneza mwilini, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Uingereza inashauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Hali ikizidi wiki mbili, au akianza kusema afadhali afe, hapo si taa wala dagaa. Ni daktari, siku hiyohiyo, na mtu wa kukaa naye.

Kwa hiyo jibu langu nilikuwa nimeshalipanga: msitume chakula, changeni hela mkamnunulie taa. Lakini upo mzigo mmoja ulioondoka Kirumba, hapa Mwanza, na kila nikitaka kuliandika jibu hilo unanirudisha nyuma.

Ulikuwa wa mama mmoja wa Igoma. Mwanawe alikuwa Helsinki masomoni, baridi yake ya kwanza. Novemba akaanza kupiga simu usiku, anasema hali chakula, anataka kurudi. Mama akapata habari ya mtu anayesafiri baada ya siku mbili, akakimbilia mwaloni. Akanunua kilo tatu za dagaa wa mchangani, kwa kuwa walikuwa bei nafuu na muda hakuwa nao. Muuzaji alimwambia wazi, "Mama, hawa ni wa kula wiki hii, si wa kusafiri." Hakusikia. Nani angesikia, mtoto analia kwenye simu?

Makosa yalianzia hapo. Novemba ni vuli. Dagaa anayeanikwa chini mchangani akinyeshewa anarudi ubichi, anaanikwa tena, ananyeshewa tena. Nje anaonekana mkavu, ndani ana maji. Pili, aliwaosha usiku kuondoa mchanga, akawakaanga kwenye mafuta. Tatu, akawafunga wakiwa moto kwenye mfuko mweusi, akafunga fundo, akatia kwenye ndoo yenye kifuniko. Mvuke hauna pa kwenda. Unapoa, unageuka matone, yanawarudia dagaa walewale. Msafiri naye akakwama njiani siku kadhaa.

Picha ilikuja kwa simu. Mfuko umefunguliwa juu ya meza nyeupe, matone kwa ndani kama jasho, na dagaa wameshikamana bonge moja lenye ukungu mweupe, katikati kijani. Chini yake kijana aliandika maneno mawili: "Mama, wameoza." Aliuliza kama anaweza kuwaosha na kuwakaanga upya. Hapana, na nasema kwa kila atakayesoma: dagaa wenye ukungu wanatupwa wote, hata wale wa pembeni wanaoonekana wazima. Sumu ya ukungu haiondoki kwa maji wala kwa moto wa jikoni.

Mzigo wa pili uliondoka Januari, na huu ndio niliotaka kuueleza vizuri.

Safari hii mama alingoja giza. Dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowashwa ziwani, zamani karabai na sasa nyingi za sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawakusanya. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, wavuvi wanapumzika, na sokoni unakuta wa siku nyingi kwa bei ya juu. Alichagua wa kwenye chanja, walioanikwa juu ya wavu bila kugusa ardhi. Unawatambua kwa rangi: fedha inayong'aa, si kahawia. Unampinda mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda kama uzi, mwache. Unatia konzi moja kwenye bakuli la maji meupe na kungoja dakika mbili, chini kukibaki mchanga unahamia meza nyingine.

Walitolewa vichwa na utumbo, mmoja mmoja, kwa sababu uchungu unakaa huko, na huko ndiko kuharibika kunakoanzia. Hapo uzito unapungua sana, kwa hiyo anayetaka kilo moja ya kusafirisha asinunue kilo moja. Wakaoshwa mara mbili kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, wakachujwa, wakaanikwa tena kwenye sinia pana, wamefunikwa chandarua nzi wasiwatue. Siku nzima ya jua kali. Jua lilipoinama wakaingizwa ndani kabla unyevu wa ziwa haujapanda.

Hawakuguswa na mafuta. Walikaangwa vikavu, kwenye sufuria pana, moto mdogo, kidogokidogo, wakigeuzwa bila kuacha mpaka wakaanza kulia kama majani makavu. Mafuta yangewafanya wachachuke, kwa sababu dagaa wana mafuta yao na hewa inayaharibu. Ya kuongeza yanaharakisha. Kisha wakatandazwa kama saa nzima, mpaka kiganja kikiwekwa juu hakisikii joto lolote. Ndipo wakafungwa nusu kilo nusu kilo, mfuko unakandamizwa hewa itoke, mfuko wa pili juu yake, halafu ndoo ndogo ya kifuniko cha kubana. Nguo ziliwekwa begi jingine. Harufu ya dagaa ikiingia kwenye koti la baridi, koti lenyewe huwezi kulifua kila wiki.

Kuhusu forodha, kwa nchi za Umoja wa Ulaya: samaki, wakiwemo wakavu, msafiri anaruhusiwa kuingia nao mpaka kilo 20 kwa matumizi yake. Nyama na maziwa haviruhusiwi, kwa hiyo nyama kavu na samli viache. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi hazihitaji. Nchi nyingine zina sheria zake, ulizeni kabla ya kufunga.

Dagaa wa pili walifika wazima. Kijana akawapika, na kwa mara ya kwanza alifungua mlango wake kwa watu. Jirani yake alikuwa Mkenya wa Kisumu, akasikia harufu kwenye korido akagonga akiuliza kama hiyo ni omena. Mkenya akamleta Mganda, kwake hao ni mukene. Ziwa moja, samaki mmoja, majina matatu, na wote watatu walikuwa wamejifungia vyumbani kwao tangu Novemba, kila mtu na usingizi wake. Jumamosi iliyofuata Mganda alileta unga. Wakaendelea hivyo kila Jumamosi mpaka dagaa wakaisha, na walipoisha siku zilikuwa zimeanza kurefuka.

Je, ni dagaa waliomponya, au ni mwanga uliorudi wenyewe? Taa hakuwa nayo. Napima nakosa pa kusimama. Machi mchana wa Helsinki unakaribia urefu wa saa kumi na mbili kama wetu, na huenda angeinuka hata bila kitu. Lakini kati ya Januari na Machi kuna wiki nyingi, na wiki hizo aliziishi na watu.

Basi jibu langu limekuwa jingine. Mtumieni dagaa, ila wawe wa kulisha watu wanne. Nusu kilo ya mtu mmoja inamfungia ndani na kumbukumbu zake. Anakula peke yake, anatazama picha za harusi ya Buhongwa aliyoikosa, analala. Taa bado naisimamia, na kama hela inatosha kimoja tu na dalili ni zile nilizotaja, taa itangulie. Lakini aliyekula peke yake tangu Novemba taa haitamgongea mlango.

Mpikaji wa huko naye azingatie. Dagaa waloweshwe dakika tano kwenye maji ya moto, wachujwe, watiwe kwenye nyanya na kitunguu vilivyokwisha kuiva, na karanga zilizosagwa zifuate mwishoni. Wasikaangwe kwa mafuta mengi ndani ya nyumba iliyofungwa: king'ora cha moshi kitalia jengo zima. Dirisha lifunguliwe dakika kumi kabla, baridi haiui chakula. King'ora kisizibwe kamwe.

Na asingoje kulia ndipo mama akimbilie mwaloni. Wanafunzi wengi wanaondoka Agosti na Septemba, vuli haijafika, chanja zimejaa na dagaa wanakauka kwa siku moja. Aondoke nao hapohapo. Akifika awaweke kwenye friza, mifuko yote, na juu ya kila mfuko aandike mwezi wa kuufungua: Novemba, Desemba, Januari, Februari. Wa Novemba asiupike kabla hajagonga mlango wa jirani.