Mwongozo wa sauti ya chapa tunao, mbona bado tunaandika kama wengine?

SWALI

Ndugu Mshauri, ninasimamia mawasiliano katika kampuni changa iliyotengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za biashara ndogo. Mwaka uliopita tulikaa tukaandika mwongozo wa sauti ya chapa yetu, yaani namna kampuni yetu inavyopaswa kusikika katika maandishi yake, tukakubaliana kwamba sauti hiyo iwe "ya kirafiki, ya kitaalamu na ya kuaminika." Hadi leo waandishi wetu wanne wanaandika kila mmoja kivyake, na tukiyaweka matangazo yetu kando ya yale ya washindani hatuoni tofauti. Tumekosea wapi, na tuanzie wapi kurekebisha?

JIBU

Ndugu msomaji, nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na naamini kosa liko katika yale maneno matatu yenyewe. Hakuna kampuni itakayosimama hadharani iseme kwamba inataka kuwa ya kiadui, isiyojua kazi yake na isiyoaminika. Sifa ambayo hakuna anayeweza kuchagua kinyume chake haimwelekezi mwandishi popote, kwa sababu hakuna kilichoachwa ili kingine kichukuliwe. Linganisha na sifa kama "tunasema kwa uchache": ipo kampuni nyingine makini inayoweza kuamua kueleza kwa kirefu, ikamchukua mteja wake polepole kama msimulizi, na ikafanikiwa. Hapo pana uchaguzi. Kila sifa mliyo nayo ipitisheni kwenye kipimo hicho kabla ya kuijadili zaidi, na msivunjike moyo mkikuta kwamba katika sifa 10 zimesalia mbili.

Pengine waandishi wenu wamechanganywa pia na jambo la pili, nalo ni kutotenganisha sauti na toni. Sauti ni tabia ya kudumu ya chapa, ilhali toni ni jinsi tabia hiyo inavyojirekebisha kulingana na hali ya anayeandikiwa. Mailchimp, kampuni ya Marekani ya huduma za barua pepe ambayo mwongozo wake wa uandishi uko wazi kwa umma, huieleza tofauti hii kwa mfano wa mtu mmoja: ni yule yule siku zote, lakini namna anavyoongea na marafiki zake wa karibu mezani si namna anavyoongea na mkuu wake kikaoni. Mwandishi asipoambiwa hivyo, neno "kirafiki" atalitumia kwa uzito ule ule katika tangazo la huduma mpya na katika taarifa ya akaunti iliyofungwa, na mara ya pili atamuudhi mtu.

Kwa kupima toni, Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, ilipendekeza mwaka 2016 mizani minne: mzaha na uzito, urasmi na mazoea, heshima na utundu, shauku na utulivu wa kutaja mambo yalivyo. Naupenda utaratibu huu kwa sababu ncha zote mbili za kila mizani ni halali, kwa hiyo humlazimu mtu aseme amesimama wapi. Hata hivyo, kampuni mbili zinaweza kusimama mahali pale pale kwenye mizani yote minne na bado zikasikika tofauti kabisa, kwa kuwa tofauti yenyewe hujengwa ndani ya sentensi, na huko ndiko ningependa tukae kwa muda.

Tuchukue ujumbe wa malipo yasiyopita, kwa sababu huo ndio wakati ambao mteja husoma kila neno. Huenda mnao ulioandikwa hivi: "Ndugu mteja, muamala wako haujakamilika kutokana na hitilafu ya mfumo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Hauna kosa la sarufi wala utovu wa adabu, na ungeweza kutumwa na benki, shirika la umeme au kampuni ya simu bila mtu kugundua. Aliyeusoma bado hajapata jambo moja analolitaka, yaani kujua fedha zake ziko wapi. Radhi yenyewe imeombwa kwa usumbufu "wowote", kana kwamba mwandishi hana hakika kama yupo aliyesumbuka.

Chapa iliyoamua kusema kwa uchache na kukiri kosa waziwazi ingeandika: "Malipo hayajapita, na fedha zako hazijatoka kwenye akaunti. Kosa ni la mfumo wetu. Jaribu tena baada ya dakika 10." Chapa iliyoamua kuwa mwenyeji anayemtuliza mgeni wake ingeandika: "Samahani, malipo yako yamekwama kwetu. Fedha zako ziko salama kwenye akaunti yako. Tunakuomba usubiri dakika 10, kisha uyatume tena." Habari ni ile ile. Lakini ya kwanza imetumia amri tupu, "jaribu", na kukiri kosa kumepewa sentensi yake peke yake, ilhali ya pili imeanza na samahani, imeomba badala ya kuagiza, na kosa linasikika ndani ya neno "kwetu" bila kutajwa. Msomaji akizoea mojawapo kwa miezi michache, ataitambua hata jina lisipokuwepo. Mzaha hapa siushauri kwa chapa yoyote, hata ile inayotania kila mahali pengine, kwa sababu mtu mwenye hofu juu ya fedha zake huona anachekwa.

Angalieni pia kwamba "kosa ni la mfumo wetu" si sentensi ambayo mwandishi anaweza kuiamua peke yake. Wasimamizi wa mfumo wanapaswa kuikubali, na mwanasheria pia. Miongozo mingi hufa hapo: waandishi wamekubaliana juu ya uwazi, lakini sentensi ya kwanza ya uwazi inapopita kwa wakubwa inarudishwa ikiwa "hitilafu imejitokeza". Kama uongozi wenu hauko tayari kukiri kosa kwa maandishi, msiandike kwamba sauti yenu ni ya uwazi. Tafuteni sifa nyingine mnayoweza kuiishi.

Kiswahili kinatupa nafasi nyingi za kufanya uamuzi wa aina hii, na nasikitika kuona zinarukwa. Je, msomaji ni "wewe", ni "ninyi", au ni "mteja" anayetajwa kama mtu asiyekuwepo? Je, mnaagiza kwa "weka", mnaomba kwa "tafadhali weka", au mnapendekeza kwa "unaweza kuweka"? Kauli ya kutendwa inastahili sheria yake, kwa sababu ni maficho: "akaunti yako imefungwa" haisemi nani amefunga, ilhali "tumeifunga akaunti yako" inamtaja mtendaji na kumlazimu atoe sababu. Msamiati nao uwe mmoja. Mwandishi wa kwanza akiandika "nenosiri", wa pili "nywila" na wa tatu "paswadi", mteja atadhani ni vitu vitatu. Kuhusu misimu ya vijana, nashauri tahadhari kubwa, maana huchakaa haraka kuliko mnavyoweza kusahihisha maandishi yenu, na anayeitumia bila kuwa na mazoea nayo hutambulika mara moja.

Sasa, sauti yenyewe mtaipata wapi? Msiibuni ukumbini. Sikilizeni jinsi watu wenu wa huduma kwa wateja wanavyoeleza jambo gumu kwenye simu siku ambayo hakuna anayewakagua, na someni barua pepe ambazo waanzilishi waliwaandikia wateja wa mwanzo kabla ya kuwa na idara ya mawasiliano. Andikeni maneno yao yalivyo. Mara nyingi sauti iko pale tayari, na kazi yenu ni kuiokota na kuisafisha.

Mfano ninaourejea kila mara ni wa Volkswagen. Mwaka 1959 wakala wa matangazo Doyle Dane Bernbach wa New York ulianza kulitangaza gari lao dogo nchini Marekani, wakati matangazo ya magari yalikuwa yakisifia ukubwa na fahari. Wao waliwaambia watu wafikirie udogo. Mwaka uliofuata walichapisha picha ya gari hilo ikiwa na neno moja chini yake, "Lemon", ambalo Wamarekani hulitumia kwa gari bovu. Maelezo yalisema kwamba gari hilo lilizuiwa kiwandani kwa sababu utepe wa kromu kwenye kisanduku cha dashibodi ulikuwa na dosari na ilibidi ubadilishwe. Sentensi zilikuwa fupi, tulivu, zisizojisifu. Ninachowaomba mkione ni kwamba sauti ile ilisimama juu ya jambo la kweli, yaani ukaguzi mkali wa kiwanda. Wangeiandika bila wakaguzi, ingekuwa hadaa.

Mkishakuwa na maamuzi hayo, mwongozo uwe mfupi. Mrefu kuliko yote niliyowahi kuandaa ulikuwa na kurasa zaidi ya 60, na nilipowatembelea waandishi baadaye nilikuta ukurasa mmoja tu umebandikwa ukutani, ule wenye sentensi mbili mbili: tunavyoandika, na tusivyoandika. Tangu hapo huanzia na ukurasa huo, na mengine huyaongeza pale tu mwandishi anapouliza swali ambalo haulijibu. Ongezeni orodha ya maneno yaliyokatazwa. Mwongozo wa uandishi wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza iliyozinduliwa mwaka 2012, unayo orodha ya namna hiyo, na faida yake ni kwamba neno la kupamba likiondolewa, mwandishi hulazimika kutaja jambo lenyewe. Kwenu ningeanza kwa kufuta "suluhisho", "ubora wa hali ya juu" na "kukidhi mahitaji yako". Kisha mteueni mtu mmoja mwenye neno la mwisho, kwa sababu waandishi wanne wenye mamlaka sawa watawarudisha kwenye wastani.

Kujipima si kugumu. Chukueni maandishi 10 yenu na 10 ya washindani, futeni majina na rangi, myachanganye, kisha mpeni mtu wa huduma kwa wateja ayatenge. Asipoweza, msibishane naye. Waulizeni waandishi ni uamuzi gani wa sentensi ambao haukufuatwa, au ambao haujafanywa bado. Rudieni baada ya miezi mitatu kwa maandishi mapya.

Na kwa kuwa umeuliza pa kuanzia, msianze na matangazo. Anzeni na ujumbe wa malipo yaliyokwama, ufuate wa akaunti iliyofungwa, kisha jibu la kwanza analopata mteja mwenye malalamiko. Hayo matatu mkiyapatia, ikiwa ni pamoja na kuyapitisha kwa mwanasheria bila kubadilishwa, mtakuwa mmeshaamua karibu kila kitu ambacho matangazo yenu yatahitaji.