Msiache kutualika

Wiki hii mmeuliza "familia yenye mtoto mwenye usonji inahitaji nini zaidi kutoka kwetu", na mi kama mama wa kijana mwenye usonji (autism, yaani ubongo wake unapokea mambo na kuwasiliana kwa namna tofauti na wengi) ambaye haongei kwa mdomo jibu langu ni kwamba msiache kutualika. Najua watu walitegemea niseme hela au dawa, na hela kweli zinahitajika, ila kilichotuumiza zaidi ni simu kuacha kuita.

Hakuna aliyetufukuza. Watu wanasema tu "tusiwasumbue, wana mambo mengi", basi sherehe inapita, mazishi yanapita, birthdei za watoto zinapita, na tusipoalikwa sisi ujue na dada yake hajaalikwa, na baba yake hana tena mtu wa kupiga naye stori. Familia nzima inafungiwa ndani kwa nia nzuri kabisa.

Sasa kutualika si kusema "karibuni" halafu basi. Tuambie mapema tutakuta watu kama wangapi, muziki utakuwepo au la, chakula kinatoka saa ngapi, tukamwandae maana kwake jambo la ghafla ni gumu kuliko jambo lenyewe. Kama kuna chumba cha pembeni kisicho na kelele tuonyeshe tukifika tu. Akija na hedifoni masikioni muache nazo, akila alichobeba kutoka nyumbani msichukulie kwamba amedharau chakula chenu, asipotaka kushikwa mkono au kukumbatiwa msalimie kwa mbali inatosha. Tukiondoka baada ya nusu saa usinune, kwetu hiyo nusu saa ni ushindi, na mara nyingine tuite tena tafadhali.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu mwili wake unapokea vitu tofauti na wako. Taa inayowaka na kuzimika harakaharaka ambayo wewe huioni, lebo ya shati shingoni, watu 30 wanaongea kwa pamoja, vyote vinaingia kwa nguvu ileile na hana pa kuvizuia. Wazazi na watu wenye usonji walilisema hili miaka mingi, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule unaoitwa DSM, toleo la tano la 2013, ndo likaliweka rasmi kwenye dalili za kutambua usonji.

Hapo ndo mjue tofauti ya kudeka na kuzidiwa. Mtoto anayedeka anataka kitu na anachungulia kama unamwangalia, ukimpa ananyamaza, lakini aliyezidiwa hata umpe dunia nzima hanyamazi mpaka mwili utulie wenyewe, na hata mtu mzima mwenye usonji inamtokea. Ukituona katika hali hiyo usimrekodi (nawaomba sana hili), usimshike, usimwage maneno maana kila neno ni kelele nyingine. Sogeza watu, punguza sauti kama redio iko karibu yako, halafu niulize mimi kwa upole "nifanye nini?" na nikijibu usifanye kitu basi usifanye, kusimama tu pale ukizuia watu wasijazane ni msaada mkubwa sana.

Mambo ya nani alisababisha naomba tuyaache. Zamani wataalamu walilaumu kina mama kwamba hawana upendo, mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, akatoa kitabu 1964 kuipinga hiyo habari. Na ile habari kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ilitokana na makala ya 1998 ambayo jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta lenyewe 2010. Mama anayeambiwa haya kila kikao mwisho anaacha kuja kikaoni.

Jingine, kutoongea si kutosikia. Watu wanamjadili mwanangu mbele yake kama hayupo, wakati yeye anatumia tableti yenye picha kusema anachotaka, na kama mna wasiwasi kwamba tableti itamfanya asiongee kabisa, tafiti hazionyeshi hivo. Muulize yeye, halafu subiri, subiri kweli, hesabu hata mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujanigeukia mimi nimjibie. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika 2012 kwamba kutoelewana huku kunatoka pande mbili, sisi nasi hatuwasomi kama vile wao hawatusomi, na mi hilo naliona kila siku, mtu analalamika mtoto hamwangalii machoni wakati yeye mwenyewe hajawahi hata kuangalia mikono ya mtoto, na mwanangu furaha yake yote iko kwenye mikono, akifurahi anaipunga mpaka mabega yanacheza.

Dada yake pia mkumbukeni. Siku moja moja mchukueni yeye peke yake mtoke naye, mumuulize habari zake yeye na si za kaka.

Na huyu kijana anakua jamani, ndevu zinaanza. Usonji hauondoki mtu akifikisha miaka 18, ila marafiki na huduma nyingi ndo zinapotea hapohapo. Kwa hiyo mkikutana naye muongeeni kama mnavyoongea na vijana wengine wa rika lake, habari za mabasi ndo anazipenda, mfungulieni picha za mabasi kwenye simu mkae naye.